Inasaidia kuliko nini? Sindano za Kichina na leza kwenye mizani ya utafiti

Shangazi yangu wa Tanga ana magoti yanayomsumbua. Mwaka jana alianza kwenda kwenye kliniki moja ya tiba za Kichina, na kule hawakumchoma sindano. Walimwekea kitu mfano wa kalamu chenye mwanga wa leza juu ya goti, chini ya goti, kisha kwenye kifundo cha mguu, nukta moja baada ya nyingine. Aliponipigia simu alikuwa na furaha. "Mwanangu, sasa nashuka ngazi bila kushika ukuta." Nikashukuru naye. Kisha akaongeza neno lililoninyima usingizi: aliyemhudumia alimwambia kwamba akimaliza awamu zote, hata vidonge vya presha hatavihitaji tena.

Simu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye tafiti za akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, na za mdogo wake huyu anayetumia leza. Nimezifuatilia kwa muda mrefu, na kila ninapozungumza na watu kuhusu jambo hili swali huwa moja: je, inafanya kazi? Nimefika mahali pa kuamini kwamba swali hilo limekatwa katikati. Swali zima ni hili: inasaidia kuliko nini? Kuliko kukaa nyumbani na maumivu yako? Kuliko vidonge? Au kuliko sindano iliyochomwa mahali pasipo na maana yoyote? Kila moja ya hayo ina jibu lake, na majibu yake yanagombana.

Tuanze Ujerumani, maana huko ndiko swali lilikopimwa kwa fedha nyingi na watu wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wajerumani wengi walikuwa wakichomwa sindano hizi na madaktari wao wa kawaida, na mifuko ya bima ya afya ikawa inaulizwa kama italipa. Wakaamua kupima kwanza. Katika utafiti mmoja wa mpango uliojulikana kama GERAC, uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Hawa walikuwa watu walioishi na maumivu yao kwa wastani wa miaka 8. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye nukta zinazofundishwa na Wachina, kwa kina na kwa mbinu zinazostahili. Kundi la pili lilichomwa juujuu tu, nje ya nukta hizo, na sindano hazikuzungushwa kutafuta ile hisia ya uzito ambayo Wachina huiita de qi. Kundi la tatu lilipewa tiba ya kawaida: dawa, mazoezi, fiziotherapia.

Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kuhesabika katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6. Kundi la sindano za kuzuga, asilimia 44.2. Kundi la tiba ya kawaida, asilimia 27.4.

Zisome tena namba hizo, kwa sababu mabishano yote ya miaka iliyofuata yamo humo. Mwenye kliniki atakuonyesha 47.6 na 27.4 na kukuambia kwamba sindano zimeishinda hospitali, na hatakuwa amesema uongo. Mwenye shaka atakuonyesha 47.6 na 44.2 na kukuambia kwamba ramani yote ya nukta, na ya mikondo ya nguvu inayodaiwa kuziunganisha, ramani inayosomewa kwa miaka, haikuongeza kitu cha maana kuliko kuchoma popote. Naye hajasema uongo. Utafiti mwenzake wa maumivu ya magoti, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ulitoa picha ileile: asilimia 53.1 kwa sindano za kweli, 51.0 kwa za kuzuga, 29.1 kwa tiba ya kawaida. Na kwenye kipandauso, watafiti wengine wa Ujerumani mwaka 2005 walikuta asilimia 51 kwa sindano za kweli na 53 kwa za kuzuga, huku waliosubiri tu bila kuchomwa wakiwa asilimia 15. Tangu mwaka 2007 bima ya Ujerumani inalipia sindano kwa kiuno na goti. Kwa maumivu ya kichwa hailipii.

Mtu anaweza kusema, na wengi wamesema, kwamba sindano ya kuzuga nayo ni sindano. Ngozi ikitobolewa popote, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye uti wa mgongo, na tangu mwaka 1965, Melzack na Wall walipotoa nadharia yao ya lango la maumivu, tunajua kwamba habari moja ikipita inaweza kuizuia nyingine. Hoja hii ni ya haki. Ndiyo maana mwaka 1998 Konrad Streitberger na mwenzake wa Heidelberg walibuni sindano butu inayorudi ndani ya mpini wake kama kisu cha mchezo wa jukwaani: mgonjwa anahisi mguso na kuiona sindano ikifupika, lakini ngozi haijatobolewa. Kazi nzuri. Hata hivyo tatizo moja lilibaki, nalo ni la kibinadamu kabisa: anayechoma anajua. Mgonjwa aliyelala pale anausoma uso wa mtabibu, sauti yake, namna anavyouliza "unahisi?" Daktari anayejua kwamba anaigiza hawezi kufanana kikamilifu na daktari anayejua kwamba anatibu.

Hapa ndipo leza ilipoingia, na kwa maoni yangu hapa ndipo thamani yake kubwa ilipo. Leza yenye nguvu ndogo haichomi na haina joto la kuhisika. Mashine inaweza kutegwa itoe miali au isitoe, na aliyeishika asijue. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kumficha mgonjwa na mtabibu kwa pamoja, jambo ambalo kwa sindano ni gumu mno.

Chanzo chake kilikuwa mbali na Uchina. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Marekani mwaka 1960. Miaka michache baadaye, huko Budapest, daktari Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa manyoya kuona kama miali ile ingewaletea saratani. Saratani haikuja, ila manyoya yakaota upesi zaidi pale palipomulikwa. Kutoka hapo tawi zima la tiba likachipua, na maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni kwamba mwanga mwekundu na wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, hufyonzwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, vile viwanda vya nishati vya seli. Waliokuwa na sindano mkononi wakaona njia: kwa nini tusiielekeze leza kwenye nukta za akupancha, hasa kwa watoto na kwa watu wanaoogopa kuchomwa? Kule Graz, Austria, Gerhard Litscher na wenzake walitumia miaka mingi kupima mtiririko wa damu kichwani wakati leza imewekwa kwenye nukta za mwilini.

Lakini jaribio ninalolirudia mara kwa mara ni la Melbourne. Lilichapishwa na jarida la JAMA mwaka 2014, likiongozwa na Rana Hinman. Watu 282 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wote wenye maumivu sugu ya goti, waligawanywa makundi manne: sindano, leza, leza isiyotoa miali, na kundi lisilopata chochote kipya. Uzuri wa mpango wenyewe uko kwenye kundi la nne. Kura ilipigwa kabla ya watu kuombwa ridhaa ya kupewa tiba, kwa hiyo wale wa kundi la nne hawakujua kwamba kuna wenzao wanaotibiwa. Hawakuwa na sababu ya kuvunjika moyo. Katika tafiti nyingi nyingine, za Ujerumani zikiwemo, mtu hujiandikisha akitamani sindano, kisha anaambiwa wewe endelea na vidonge vyako vilevile vilivyokushinda miaka 8. Ukimuuliza baadaye kama ana nafuu, atakujibu nini?

Matokeo ya Melbourne, baada ya wiki 12: sindano na leza ziliwapunguzia watu maumivu kidogo kuliko kundi lililoachwa, kiasi ambacho watafiti wenyewe walikiona hakifiki kiwango cha kumfaa mgonjwa katika maisha yake. Dhidi ya leza isiyotoa miali, hakuna tofauti. Mwaka ulipotimia, hata ile nafuu ndogo haikuwepo.

Watetezi wa leza walipinga, na pingamizi lao linastahili kusikilizwa. Walisema nguvu iliyotumika ilikuwa ndogo mno, jouli 0.2 (jouli ni kipimo cha nishati) kwa kila nukta, ni kama kumpa mgonjwa wa malaria robo ya kidonge kisha kusema dawa haifai. Na kweli, mwaka 2019 watafiti wa Bergen, Norway, walikusanya majaribio 22 ya leza kwenye goti yenye watu zaidi ya 1,000, wakayatenganisha kwa dozi. Majaribio yaliyotumia dozi zinazopendekezwa na wataalamu wa leza, kwa mfano jouli 4 hadi 8 kwa kila sehemu kwa miali fulani ya infraredi, yalionyesha nafuu dhidi ya leza bandia. Yaliyotumia dozi za chini hayakuonyesha.

Watu wengi hufika hapa wakasema: basi akupancha ya leza imethibitishwa. Naomba tusimame kidogo. Dozi hizo humulikwa kwenye goti lenyewe, kwenye kiungo kinachouma. Kinachotetewa na ushahidi huo ni mwanga na kiasi chake, kama vile dawa yoyote inavyotetewa kwa miligramu. Nukta ya kwenye kifundo cha mguu inayodaiwa kufungua mkondo wa nguvu hadi gotini haimo katika hesabu hiyo. Chini ya jina moja, "leza ya akupancha", kuna madai mawili yaliyofungwa kanga moja: dai la mwanga na dai la nukta. La kwanza lina ushahidi unaokua, wenye mabishano yake. La pili, kwa binadamu, mara nyingi lilipopimwa vizuri limekuwa likiyeyuka. Anayeuza leza kwa kutumia ushahidi wa dai la kwanza ili upokee dai la pili anakupunja hata kama mwenyewe hajui.

Sitaki nionekane nimefunga macho kwa upande wa maabara, maana huko kuna mambo ya kusisimua kweli. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba nafuu ya maumivu inayoletwa na sindano hupungua mtu akipewa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni mwilini. Maana yake mwili wenyewe ulikuwa umetoa kemikali zake za kutuliza. Han Jisheng wa Beijing alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika jambo hili, na akaonyesha kwamba umeme wa kasi ndogo na wa kasi kubwa kupitia sindano huamsha kemikali tofauti. Lakini mwaka 1978 kundi jingine lilionyesha kwamba naloksoni huzima pia nafuu ya plasebo, yaani tiba bandia, kwa wagonjwa waliong'olewa meno. Kwa hiyo kemikali ni za kweli, maumivu yanapungua kweli, na njia hiyohiyo inaweza kufunguliwa na imani na matarajio. Mtu aliyepata nafuu kwa plasebo hakudanganyika wala hakujifanya.

Mwaka 2010 maabara ya Maiken Nedergaard huko Rochester ilipima adenosini, kemikali ya mwili inayosaidia kutuliza maumivu, ikiongezeka pale sindano inapozungushwa mguuni mwa panya. Mwaka 2021 likaja jambo kubwa zaidi, katika jarida la Nature: Ma Qiufu wa Harvard na wenzake wa Uchina walionyesha kwamba umeme mdogo kwenye nukta ya Zusanli, chini kidogo ya goti, hupunguza uvimbe wa mwili mzima kwa panya kupitia mshipa wa fahamu wa vagasi, wakati umeme uleule tumboni haufanyi hivyo. Kwa hiyo mahali panaweza kuwa na maana. Sababu waliyoipata, hata hivyo, ilikuwa aina fulani ya nyuzi za neva zilizoko mguuni na zisizofika tumboni. Hiyo ni anatomia, inayoweza kuchorwa, kukatwa na kupimwa upya na mtu yeyote. Na ni umeme kwa panya. Sioni namna ya kuruka kutoka hapo hadi kalamu ya leza ambayo shangazi hakuihisi hata kidogo.

Kuna donda jingine la utafiti huu ambalo lazima liguswe. Mwaka 1998 mtafiti Andrew Vickers na wenzake waliuliza kama kuna nchi zinazochapisha matokeo mazuri tu. Majaribio yote ya akupancha waliyoyapata kutoka Uchina, Japani, Hong Kong na Taiwan yalikuwa yameipa ushindi. Yote. Hakuna tiba duniani, hata antibiotiki, isiyoshindwa mara moja moja. Sisi wa pwani tuna neno linalofaa hapa: chuku ni ile pembe ya kuumikia damu, na kupiga chuku ni kuongeza maneno kuliko ukweli. Lugha yetu iliweka tiba na kutia chumvi katika neno moja.

Vickers huyohuyo, tena, ndiye aliyekuja kuongoza uchambuzi mkubwa unaopendwa na watetezi wa sindano. Toleo lake la mwaka 2018 lilikusanya takwimu za mgonjwa mmoja mmoja, watu 20,827 kutoka majaribio 39, na likakuta sindano zinashinda za kuzuga kwa tofauti ndogo lakini isiyo ya bahati tu, na zinashinda kutochomwa kabisa kwa tofauti kubwa zaidi. Ndogo kiasi gani, na inamfaa nani, ndilo jambo ambalo watu wenye akili timamu bado wanatofautiana. Angalia Uingereza: taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza sindano kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaziondoa mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaziruhusu katika mwongozo wa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachojulikana. Marekani, iliyochoshwa na vifo vya dawa za jamii ya afyuni, ilianza mwaka 2020 kuwalipia wazee sindano za kiuno kupitia Medicare, bima ya afya ya serikali. Shirika la Afya Duniani nalo, mwishoni mwa mwaka 2023, liliziweka katika mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, kwa masharti.

Wapo watakaosema kuhoji hivi ni dharau kwa elimu ya Mashariki. Siikubali hoja hiyo, na sababu yangu imo katika kabati la dawa la kila nyumba ya Afrika Mashariki. Dawa mseto ya malaria ina mzizi wake katika kitabu cha Kichina cha karne ya 4. Mtafiti wa Kichina Tu Youyou na timu yake, katika mradi ulioanza mwaka 1967, walikusanya maelezo ya tiba zaidi ya 2,000, wakajaribu dondoo za mimea zaidi ya 380 kwa panya, nyingi zikashindwa. Walipobadili njia ya kukamua mmea, wakatumia joto dogo, ndipo mwaka 1971 ikapatikana ile iliyofanya kazi. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2015. Mwanamke huyo aliiheshimu elimu ya mababu zake kwa kuikubali ishindwe mara mamia, na watoto wetu wako hai kwa sababu hiyo. Madaktari wa Kichina wamekuwa Zanzibar tangu mwaka 1964. Uhusiano huu ni wa zamani na wa kweli, na unabeba swali gumu bila kuvunjika.

Na swali hilohilo tuielekezee hospitali. Mwaka 2014 watafiti wa Sydney waliwapa watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno paracetamol au kidonge bandia. Waliomeza paracetamol walipona kwa wastani wa siku 17, waliomeza kidonge bandia siku 16. Hicho ndicho kidonge tunachoandikiwa kila zahanati. Kwa hiyo ile asilimia 27.4 ya Ujerumani inaniuma zaidi ya zote. Wale waliochomwa, kwa sindano za kweli na za kuzuga, walipata vikao kumi vya nusu saa, wamelala, wameguswa, wameulizwa hali. Mgonjwa wetu wa kiuno hupata dakika chache kupitia meza, na jina la dawa kwenye karatasi. Ikiwa mguso, muda na masikio vinaweza kuwapandisha watu kutoka 27 hadi 44, basi hilo ni somo la wizara ya afya kuliko la kliniki za leza.

Kwa mzee mwenye goti bovu, ambaye tumbo na figo zake hazistahimili diclofenac, sina tatizo na leza iwapo bei ni ya kiungwana, mashine ina dozi inayojulikana, macho yanakingwa, na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja yanaendelea, kwa kuwa hayo ndiyo yenye ushahidi thabiti kuliko yote kwa goti. Kwa sindano, kila moja ifunguliwe mbele yako na itupwe baada ya kutumika. Lakini presha, kisukari, kifua kikuu? Hapo hakuna jedwali la namba tatu la kubishania. Anayemwambia mgonjwa aache dawa hizo anacheza na roho ya mtu.

Nilimpigia shangazi siku ya pili. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mbona mapema?" Nikamweleza, bila kumharibia furaha ya ngazi zake, nikamwomba aulize mambo mawili: ile kalamu inatoa jouli ngapi, na nani amesema vidonge viachwe. Wiki iliyofuata akanijibu kwamba yule kijana wa kliniki hakujua jouli ni nini, na kuhusu vidonge aligeuza maneno. Shangazi anaendelea na leza ya goti, maana alikwisha lipia. Asubuhi anatembea hadi sokoni na kurudi. Vidonge viko kwenye pochi yake, na Ijumaa alinitumia picha ya karatasi ya zahanati: 138 kwa 84.